Mnaoanza wodini, msiguse homoni ya mtu kabla hamjauliza

Juzi kwenye ripoti ya asubuhi mmoja wenu alisimama akasoma faili vizuri kabisa. Sauti imetulia, namba zote zipo, hata pumzi za mgonjwa kazihesabu mwenyewe, kazi ambayo wengi mnaikwepa mkaandika ishirini kwa kila mtu. Kitanda cha sita, mzee wa pumu kutoka upande wa Isyonje, kaingia na nimonia, sukari 14. Halafu akasema, "Prednisoloni tumeisimamisha kwa kuwa inapandisha sukari," akafungua faili la mgonjwa anayefuata. Wenzake wakaandika kwenye vijitabu vyao. Mimi nikasikia baridi ambayo haikuwa ya Juni.

Dawa tuliirudisha kabla ya chai, na mzee anaendelea vizuri. Lakini tangu juzi nimeshindwa kunyamaza. Ni mara ya nne ndani ya mwaka mmoja na nusu naisikia sentensi hiyo, na kila mara inatoka kwa kijana mwenye akili, anayewapenda wagonjwa wake. Basi nawaandikia ninyi mnaoanza intanishipu, na maafisa tabibu mliopangiwa vituo vya Makete, Ludewa na Ileje ambako saa nane usiku mko peke yenu na muuguzi mmoja. Mzunguko wa haipothalamasi (sehemu ya ubongo), pituitari (tezi inayoning'inia chini ya ubongo) na tezi zinazopokea amri zake mliuchora kwenye mtihani mkapata alama. Sitauchora tena. Nataka niwaambie unavyoonekana ukiwa umelala kitandani na blanketi la kijivu juu yake.

1. Kabla hujaondoa homoni, au dawa inayofanana na homoni, uliza mwili umeitegemea kwa muda gani.

Parasetamoli ukiisimamisha inatoka mwilini na habari inaishia hapo. Homoni haiko hivyo, kwa sababu tezi inasikiliza kilichomo kwenye damu. Kortisoli ni homoni ya adrenali, tezi zilizo juu ya figo, na prednisoloni ni steroidi inayoiiga. Ikitosha, haipothalamasi na pituitari zinanyamaza, ACTH, amri ya pituitari kwa adrenali, inashuka, adrenali zinapumzika. Haziulizi kama kortisoli hiyo imetoka juu ya figo au imetoka kwenye kichupa cha duka la dawa. Fikirini mashine ya kusaga ya kijijini. Ukileta unga wa bure kila wiki kwa miaka mitatu, mwenye mashine atazima injini, mkanda utakauka, panya watatoboa magunia. Siku unga wa bure unapokatika watu wote wanakuja na debe la mahindi kichwani, na injini haiwaki. Itawaka, lakini kwa fundi na kwa muda, na wakati huo watu wana njaa.

Mnayajua haya. Mnayasahau mkiona sukari 14.

2. Insulini ina watu wawili wa kuwaogopa: anayeichelewesha na anayeifunga mapema.

Mtoto anayetapika, anapumua kwa kina na haraka, na kifua ukikisikiliza ni safi, pima sukari kabla hujaandika malaria. Maji kwanza, na kwa mtoto yafuate mwongozo kwa makini, maana ubongo wake huvimba kirahisi. Potasiamu ijulikane kabla ya insulini, kwa kuwa insulini huisukuma iingie ndani ya seli, na ikiwa chini ya 3.3 insulini inasubiri mpaka umemwongezea. Sukari ikishuka chini ya 14 unaongeza dekstrosi kwenye dripu, insulini inaendelea. Kila kundi jipya lina mtu anayefunga insulini saa sita usiku kwa sababu mashine imeonesha 9, na alfajiri mtoto anapumua vilevile tena. Sukari ndiyo mliyoipima. Asidi na ketoni, zinazojikusanya mwili ukikosa insulini, ndizo zinazomuua.

Huwa nawaambia habari ya Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyechomwa insulini Toronto mnamo Januari 1922, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa hivyo. Kabla yake, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alinyimwa chakula makusudi ili aongezewe miezi ya kuishi. Wazazi walikubali mtoto akonde mbele ya macho yao kwa sababu hapakuwa na kingine. Leo dawa ipo kabatini, na sisi bado tunaweza kumpoteza mtoto kwa kutouliza swali moja.

Swali lenyewe nililijifunza kwa binti wa miaka kumi na mmoja kutoka Makete. Kila kliniki sukari yake ilikuwa juu ya 20. Tukapandisha dozi. Tukapandisha tena. Tukamgombeza mtoto kwamba anakula pipi shuleni, akalia, akaapa kwamba hali, na hatukumwamini. Siku moja muuguzi wa kliniki akamuuliza mama yake, "Mama, insulini ikifika nyumbani inalala wapi?" Mama akajibu kwa fahari kwamba ameomba nafasi kwenye friza la duka la jirani, na inaganda vizuri kama jiwe, haiwezi kuharibika. Sisi ndio tuliomwambia aiweke kwenye baridi. Hatukumwambia baridi kiasi gani. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka, na yule mtoto alikuwa anachomwa maji ya bure kwa miezi. Baridi ya Makete inatosha: kichupa kinachotumika kikae ndani ya nyumba, mbali na jiko na dirisha lenye jua, na kisizidi wiki nne tangu kifunguliwe. Na tulimwomba mtoto radhi. Nataka mjue kwamba hilo nalo ni sehemu ya matibabu.

3. Rovu, uvimbe wa tezi ya shingo: ukubwa wake hausemi linafanya nini.

Wagonjwa wetu wa rovu wengi ni bibi, kwa sababu walizaliwa na kukua kabla chumvi yenye madini joto (iodini) haijafika. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua tangu enzi, madini joto yakateremka na mito, na Nyanda za Juu Kusini zikawa miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa sana na rovu mpaka chumvi ya madini joto iliposambazwa katika miaka ya 1990. Homoni za tezi ya shingo ni T4, yaani thairoksini, na T3: T4 ina atomu nne za madini hayo, T3 ina tatu, ndiyo maana zikaitwa hivyo. Yakikosekana, thairoksini inapungua, pituitari inaongeza TSH, amri yake kwa tezi hiyo, TSH inaisukuma tezi, tezi inakua kila mwaka ikijaribu kukamata kidogo kilichopo. Bibi mwenye rovu kubwa amebeba shingoni kazi ya miaka hamsini ya tezi iliyokataa kushindwa. Mheshimuni kwa hilo.

Halafu mshike mkono. Mkono wenye joto na jasho, unaotetemeka, mapigo 120 yasiyo na mpangilio, hilo ni jambo moja. Mkono baridi, ngozi kavu, mapigo 52, sauti nzito, hilo ni jingine kabisa, na shingo zote mbili zinaweza kulingana. Tulikuwa na bibi mmoja aliyekonda mpaka nguo zikamwacha. Amepimwa VVU mara tatu, makohozi mara mbili, picha ya kifua, yote safi, na kila aliyemwona aliagiza vipimo vilevile upya kwa sababu huku kwetu mtu akikonda akili zetu zinakimbilia sehemu mbili tu. Hakuna aliyeigusa shingo yake. Ilikuwa Julai, alikuwa amejifunga kitenge shingoni, na kila mmoja wetu alikiacha kwa adabu. Moyo wake ulikuwa unakimbia mwaka mzima chini ya kitenge hicho. Kwa wazee wenye rovu la vinundu hali hiyo hutokea, hata baada ya madini joto kufika, kwa sababu vinundu vingine vimezoea kufanya kazi bila kusubiri amri ya TSH. Muombeni mgonjwa ruhusa, afungue kitenge, mpeni maji ameze mkitazama shingo.

Mjamzito na chumvi msilifanye somo la wiki ya afya tu. Katika wiki za mwanzo mtoto aliye tumboni hana tezi inayofanya kazi, anatumia thairoksini ya mama yake kujenga ubongo. Chumvi iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi na unyevu, itiwe chakula kikikaribia kuiva.

4. Hapa nitakaa.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, hospitali moja ya wilaya huku kwetu, Julai, baridi ya kuuma masikio. Akaletwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa pareto na viazi kutoka Umalila. Kikohozi siku tano, homa, kifua cha kulia chini kina milio. Nimonia, haina ubishi. Sukari ya kuingilia 13.8. Binti yake alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake daftari la kliniki na kichupa cheupe kisicho na lebo.

"Vya viungo," akasema. "Anameza kila asubuhi, mwaka wa nne sasa. Asipomeza haamki."

Nilivigeuza kiganjani nikavitambua: prednisoloni ya 5 mg, na alikuwa anameza viwili. Nikafurahi kwamba nimepata chanzo cha sukari. Binti alikuwa ameniambia ugonjwa wote wa mama yake kwa maneno mawili, asipomeza haamki, na mimi nikasikia habari ya viungo tu. Nikaandika kwa herufi kubwa SIMAMISHA PREDNISOLONI, nikapiga mistari miwili chini yake. Nikamweleza binti kwa upole hatari ya dawa za kununua bila cheti. Akaitikia, "Sawa daktari." Kichupa nikakichukua, nikakitia kwenye droo ya meza ya wauguzi.

Hesabuni nilichofanya. Mtu mzima katika siku ya kawaida hutengeneza kortisoli inayolingana na takriban 5 mg za prednisoloni. Siku ya nimonia anahitaji mara kadhaa ya hiyo. Kwa miaka minne pituitari ya mama yule haikuwa imetuma ACTH ya maana, adrenali zake zimesinyaa. Alikuja kwangu akihitaji niongeze. Niliondoa yote.

Siku ya kwanza homa ilishuka na sukari ikawa 8. Nikaona nimepatia. Siku ya pili alikataa uji, alasiri akaanza kutapika na kushika tumbo. Nikaandika dawa ya kuzuia kutapika. Usiku presha 80/50. Alfajiri ya siku ya tatu 70/40, mapigo 128, anaongea na watu wasiokuwepo, na sukari 2.6. Sukari iliyoingia 13.8. Nilimpa dekstrosi akafumbua macho, baada ya saa mbili ikawa 2.9. Nikasema ni sepsisi, mwili kuzidiwa na maambukizi. Nikabadilisha antibiotiki, nikaweka kanula ya pili, lita ya tatu, lita ya nne. Presha haisogei. Nilikuwa nimesimama pale nikiangalia matone ya dripu na sielewi maji yanaenda wapi. Bila kortisoli, mishipa ya damu haiitikii vizuri adrenalini. Inalegea, na unaweza kuijaza maji usiku kucha ikabaki imelegea.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa nimelifikiria. Kwa dakika moja, majibu ya maabara mkononi, sodiamu 121, nilimkumbuka Thomas Addison, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa wa adrenali mwaka 1855. Ikanijia picha ya darasani, weusi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, potasiamu iko juu. Nikageuza viganja vya mama. Vya kawaida. Potasiamu 4.1. Nikasema hapana, nikaenda kitanda kinachofuata.

Picha niliyokariri ilikuwa ya adrenali zilizoharibika zenyewe, kama zinavyoharibiwa na kifua kikuu. Hapo pituitari hupiga kelele, ACTH inapanda na ngozi inakuwa nyeusi. Adrenali za mama huyu zilikuwa zimelala kwa sababu pituitari yenyewe imenyamaza, kwa hiyo ngozi isingebadilika. Na aldosteroni, homoni inayotoa potasiamu kwenye mkojo, husikiliza zaidi renini ya figo na potasiamu yenyewe kuliko ACTH, kwa hiyo iliendelea na kazi yake kama kawaida. Potasiamu ile ya 4.1 ilikuwa inanieleza tatizo ni la aina gani. Mimi nikaisoma kama ushahidi kwamba tatizo halipo.

Saa tatu asubuhi nilimwita binti nikamwambia awaarifu ndugu. Alijifunga kitenge upya kiunoni, polepole, akakaza fundo, ndipo akauliza, "Wote?" Nikasema ndiyo. Kufika saa nane mchana walikuwa wamefika na Noah. Wanaume wawili wamebeba mablanketi, mama mmoja ana sufuria kubwa na kiroba cha mkaa. Walikuja kumchukua marehemu, na mgonjwa bado alikuwa anapumua.

Sista wa zamu ya mchana, mama wa Kibena aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alifungua droo akitafuta mkasi. Akatoa kichupa, akakitikisa.

"Dokta, hivi vya nani?"

Nikamwambia.

"Mlimrudishia lini?"

Hakuuliza kama tulimrudishia. Aliuliza lini. Haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kumeza dawa miaka minne, akaugua, na dawa isirudishwe. Sikuwa na jibu. Aliniangalia kidogo tu, akaweka kichupa mezani, akaenda kwenye kabati la dharura, akarudi na haidrokotisoni, kortisoli ya kuchoma, huku tayari anavunja maji ya kuichanganyia. "Mia moja kwenye mshipa, mwanangu? Andika."

Niliandika. 100 mg, kisha 50 kila saa sita, na dripu ya chumvi pamoja na dekstrosi. Saa kumi na moja jioni presha 100/60. Saa mbili usiku aliomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Kabati lile lilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake kwa siku zote tatu, na dawa ile tulikuwa tunaichoma kila usiku kwa watu wa pumu.

Ndugu walilala ndani ya Noah, asubuhi wakarudi kijijini na mkaa wao. Siku ya tano baada ya hapo mama alitoka kwa miguu yake. Kabla hajatoka nilikaa naye na binti yake, nikawaambia kwamba dawa ile niliiondoa mimi, na kuiondoa ndiko kulikomwangusha. Binti alisema, "Nilikuambia asipomeza haamki." Alisema bila hasira, kama anayerudia kwa mtu asiyesikia vizuri. Ndivyo ilivyokuwa, sikusikia vizuri.

5. Kwa hiyo, haraka haraka.

Aliyemeza zaidi ya 5 mg za prednisoloni kwa siku kwa wiki tatu au nne, mhesabu kuwa adrenali zake zimelala. Akiwa na homa dozi inaongezwa, kwa kawaida maradufu, akitapika anachomwa. Deksamethasoni 0.75 mg ni sawa na prednisoloni 5 mg, kwa hiyo kidonge kidogo cha 0.5 kisiwadanganye macho. Kupunguza ni kwa wiki na miezi, na adrenali zinaweza kuchukua hata mwaka kuamka. Sukari iliyopandishwa na steroidi itibuni kwa insulini. Presha isiyopanda kwa maji, pamoja na sukari inayoshuka, chomeni haidrokotisoni kwanza, mabishano ya ripoti ya asubuhi yatasubiri.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi, dawa ya moyo na presha, anaweza asitetemeke sukari ikishuka, lakini jasho litamtoka. Guseni paji la uso.

6. Vipimo vya homoni vina saa zake.

Kortisoli huwa juu asubuhi na chini kabisa karibu na usiku wa manane, kwa hiyo damu ichukuliwe saa mbili asubuhi. Ukiichukua saa kumi jioni umetupa pesa ya mgonjwa. Thairoksini nusu yake hubaki kwenye damu kwa takriban siku saba, hivyo ukibadilisha dozi subiri wiki sita ndipo upime TSH. Naona mafaili yenye TSH tatu ndani ya mwezi mmoja, na mgonjwa ametoka Ludewa kwa nauli yake mara tatu. Nauli ya mtu ni viazi alivyolima, ni ada ya mtoto. Hili linanikera kuliko mnavyodhani.

7. Mama aliyevuja damu nyingi akijifungua.

Pituitari hukua wakati wa ujauzito, na damu ikipungua ghafla inaweza kufa sehemu yake. Mama anatoka salama, mnapiga makofi, anaondoka na mtoto. Baada ya mwaka anarudi kwa mlango mwingine: maziwa hayakutoka kabisa, hedhi haijarudi, anachoka, anasikia baridi kuliko wenzake, nywele za kwapa zimepukutika. Kijijini wameshasema mengi juu yake. Wengine wamemwambia amerogwa, mama mkwe anasema mvivu. Muulizeni alijifungua vipi. Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na bado tunakutana nao wodi ya ndani, kwenye mafaili yaliyoandikwa upungufu wa damu.

Na mkiukuta, angalieni mpangilio: kortisoli inatangulia, thairoksini inafuata. Thairoksini ikiingia kwanza inaharakisha mwili mzima, na kortisoli kidogo iliyobaki inamalizika upesi. Mtamwangusha palepale mlipodhani mnamnyanyua.

8. Ulizeni kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu.

"Unatumia dawa gani?" ni swali la mtihani, na mgonjwa anajibu, "Situmii." Mama wa Umalila asingeita vile vidonge dawa, vilikuwa kama chai yake ya asubuhi. Mimi nauliza, "Kuna kitu chochote unachomeza au kupaka, ambacho ukikiacha unaumwa?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwenu, mna haraka ya kujaza fomu.

Kwa wasichana ongezeni neno, taratibu, shangazi na mama wakiwa wametoka nje. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, vingi vina deksamethasoni. Mikorogo ya kujichubua mara nyingi ina klobetasoli, steroidi kali, na ukijipaka mwili mzima kwa miezi inaingia ndani na kuzilaza adrenali vilevile. Binti mmoja aliletwa kutoka Mwanjelwa ameishiwa nguvu, presha chini, uso umejaa wakati mikono imekonda. Aliyemchukulia maelezo alimwambia mbele ya watu, "Mnajitakia wenyewe." Binti alifunga mdomo. Tulizunguka siku nzima tukitafuta sababu, na sababu alikuwa nayo mwenyewe mdomoni, imefungwa na maneno yetu. Jioni sista alimletea chai, akakaa kitandani kwake, na kabla kikombe hakijaisha tulikuwa tumeshajua jina la krimu na duka inakouzwa. Nawasihi. Mtu akiwa na aibu hamponyi kwa kumwongezea.

Jambo la mwisho ni daftari. Yule mama wa Umalila aliporudi kliniki nilimwandikia kwenye jalada la daftari lake, kwa peni nyekundu: NATUMIA PREDNISOLONI KWA MUDA MREFU. NISIACHISHWE GHAFLA. NIKIUGUA NAHITAJI ZAIDI. Kwa Kiswahili, ili asome yeye, asome binti, asome na mwenye duka la dawa. Alilifunga kwenye nailoni. Baadaye binti aliniambia mama anamwonesha kila mtu, amemwonesha mchungaji, amemwonesha kondakta wa Hiace, na kondakta akasoma kwa sauti gari zima likasikia. Tulimpunguzia kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, na nilipohama hospitali ile alikuwa analima pareto bila kidonge hata kimoja.

Mzee wa kitanda cha sita anaruhusiwa Alhamisi. Nimepita leo jioni nikaangalia daftari lake, jalada halijaandikwa kitu. Peni nyekundu ipo kwenye droo ya sista, upande wa kushoto.